Winsor & Newton Series 7, namba 1: uzoefu wangu wa kupaka visanamu Nairobi

Mtu akianza kupaka visanamu, kitu cha kwanza anachotafuta ni brashi nyembamba kuliko zote dukani, ile ya namba 000. Hoja yake ni kwamba uso wa kisanamu cha askari mwenye urefu wa milimita 28 ni mdogo, basi na brashi iwe ndogo. Brashi ninayoitegemea mezani kwangu ni namba 1, nene kuliko hiyo, na ndiyo inayonipakia macho, vifungo na mikunjo ya nguo. Ni Series 7 ya Winsor & Newton wa Uingereza, na kwa hewa ya hapa Nairobi sijatumia pesa vizuri kuliko hizo katika uraibu huu wote.

Bei ndiyo inayowatisha watu. Yangu ililetwa na binamu yangu akirudi kutoka London, ikanifikia kwa shilingi elfu mbili na ushei. Kwa pesa hizo ukishuka mjini unapata pakiti kadhaa za brashi za nailoni, na nauli ya kurudi nyumbani inabaki. Rafiki yangu mmoja aliposikia akanishangaa: "Ndugu, brashi moja?" Moja, ndiyo, na nitaeleza kwa nini.

Nywele zake hutoka kwenye mkia wa kolinsky, mnyama wa jamii ya vicheche anayepatikana Siberia na sehemu nyingine za Asia. Unywele mmoja wa mkia huo ni mnene katikati na umechongoka mwishoni. Zikifungwa pamoja, nywele hizo hutuna na kufanya tumbo, kisha hukutana kwenye ncha moja kali. Tumbo ndilo linalobeba rangi, na ncha ndiyo inayogusa kisanamu. Namba 000 ina ncha, lakini tumbo haina.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Rangi ya akriliki ni chembe za rangi na plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakishatoka, plastiki huungana na rangi ikawa imekauka moja kwa moja, hata ukiiongezea maji hairudi. Sasa fikiria Januari au Februari, jua limewaka, hewa kavu, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kile kitone kilichoko kwenye brashi ya 000 kinakauka kabla mkono haujafika usoni pa askari. Unagusa, hakitoki kitu. Unachovya tena, unakandamiza, na sasa jicho zima limejaa donge. Namba 1 inabeba maji ya kutosha kukufikisha na kukurudisha, na ncha yake ni kali sawa na ya ile ndogo. Mara nyingi ni kali zaidi, kwa sababu nywele nyingi zilizochongoka huelekeza rangi pamoja hadi mwisho.

Brashi yenyewe haikutengenezewa watu kama sisi. Mwaka 1866 Malkia Victoria, ambaye alikuwa akipaka rangi za maji, aliagiza Winsor & Newton wamtengenezee brashi bora kabisa katika ukubwa alioupenda, namba 7, na jina likabaki hapo. Visanamu vyenyewe vilikuwa na historia yao, iliyoanza kabla ya hapo. Nuremberg, Ujerumani, karne ya 18, akina Hilpert walikuwa wakimimina askari bapa wa bati, na baadaye Ernst Heinrichsen wa mji huohuo akausimika urefu wa milimita 30 ukawa kipimo kinachofuatwa na wengine. Mwaka 1893 William Britain wa London akapata namna ya kumimina askari mwenye uwazi ndani. Madini ya risasi yalitumika kidogo, bei ikashuka, na watoto wa Uingereza wakajaziwa askari wa milimita 54 wenye rangi za kung'aa. Hao walikuwa wa kuchezea. Kupaka kwa ajili ya kupaka kulikomaa watu wazima walipoanza kushindana na kiwanda. Mmarekani Sheperd Paine na Mbelgiji François Verlinden walisaidia sana kusambaza mbinu ambazo hadi leo kila mgeni anaanza nazo: kumwaga rangi ya giza iliyozimuliwa ijae kwenye mikunjo, kisha kupitisha brashi karibu kavu juu ya sehemu zilizoinuka. Kampuni ya Citadel Miniatures ya Uingereza ikaja mwaka 1979 na majitu yake ya michezo ya kubuni, na mwaka 1987 yakaanza mashindano ya Golden Demon, ambapo kisanamu hutazamwa kwa upakaji wake tu. Rangi za mafuta na za enameli zikaachia nafasi akriliki zinazozimuliwa kwa maji, kama hizi za Vallejo za Uhispania ninazotumia mimi. Ndipo brashi ya rangi za maji ikajikuta nyumbani.

Mimi hupaka askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sanamu zao za shaba ziko Kenyatta Avenue, watu wanapita chini yake kila siku wakikimbilia matatu. Nimesimama pale mara nyingi kuangalia jinsi kitambaa kinavyoanguka na jinsi mzigo unavyomvuta mtu bega. Nenda saa sita mchana, ukiweza. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linapiga utosini, na utaona mwenyewe mwanga unaishia wapi: kofia, mabega, daraja la pua, vifundo vya vidole. Wapakaji huiga hilo kwa kupulizia praima (rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine) nyeusi kisanamu kizima, halafu nyeupe kutoka juu peke yake. Ukifanya hivyo, kazi ya kuamua kivuli kiwe wapi imekwisha kabla hujashika brashi.

Shaba lakini haikuambii kitu kuhusu rangi ya ngozi, na hapa mafunzo mengi hayatusaidii. Yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Yanakwambia ukitaka kung'arisha ongeza nyeupe. Ongeza nyeupe kwenye kahawia ya Mwafrika uone: inapauka, kama mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Ninavyofanya ni hivi. Rangi ya msingi ni Burnt Umber, tabaka mbili nyembamba. Kwenye kivuli, chini ya kidevu, pembeni mwa pua na ndani ya sikio, nachanganya bluu ya giza kidogo na kahawia hiyohiyo. Nyeusi tupu siiweki, kwa sababu inaua uso. Nikipanda juu naongeza kahawia yenye uchungwa, si nyeupe, na mwisho kabisa nukta ndogo ya rangi ya mchanga kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua na paji la uso. Ngozi yetu inaakisi mwanga kwa ukali, kwa hiyo nukta hizo ziwe ndogo na za wazi. Ukizisambaza, uso unakuwa wa udongo.

Mabadiliko yote hayo hufanywa kwa utandu, yaani rangi iliyozimuliwa sana hadi inaonyesha ya chini yake, na hapa ndipo nilipoielewa thamani ya Series 7. Unachovya, halafu unagusisha tumbo kwenye karatasi ya shashi hadi isibaki rangi inayoning'inia. Kisha unavuta kuelekea pale unapotaka rangi ikolee, kwa sababu chembe nyingi hubaki mwisho wa mvuto, pale unapoinua mkono. Brashi ya nailoni huachilia mzigo wote mara moja na kuacha duara lenye ukingo. Hii huachilia polepole, kwa kipimo kilekile tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, nawe unahisi kwa vidole kwamba ncha inarudi yenyewe ukiinua.

Macho je? Jicho la kisanamu cha milimita 28 halifiki hata milimita moja. Napaka shimo lote kahawia ya giza kwanza. Kisha mstari mfupi wa nyeupe iliyochafuliwa kidogo, ukiacha kahawia ionekane juu na chini kama kope. Halafu mboni, mstari wa wima unaogusa kope zote mbili, maana mboni inayoelea katikati humfanya askari aonekane ameona jini. Mwisho nasafisha kingo kwa rangi ya ngozi. Yote kwa namba 1, viwiko viwili vikiwa vimeegemea meza na viganja vimegusana.

Kuna kazi ambazo haifai kuzigusa. Ile mbinu ya kupitisha brashi karibu kavu itaimaliza kwa jioni moja. Kwa kazi hiyo nunua brashi nene za vipodozi kule Dubois Road, zile za mviringo za poda, ni rahisi na zinafanya vizuri mno. Rangi za dhahabu na fedha zina vipande vidogo vinavyojificha kati ya nywele, zitengee brashi nyingine. Gundi na vanishi usifikirie hata kidogo.

Paleti ya maji, yaani chombo cha kuchanganyia rangi kisichoziacha zikauke, inakwenda sambamba na brashi hii, na hapa Nairobi hakuna haja ya kuagiza. Chukua kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, tandika sponji nyembamba au shashi ya jikoni, mimina maji yafike usawa wake, na juu yake laza karatasi ya kuokea kutoka supamaketi. Maji hupenya polepole kutoka chini na rangi inabaki mbichi jioni nzima, hata ikifunikwa inafika kesho.

Utunzaji ni mdogo ila hausamehe. Rangi isifike kwenye pete ya chuma, maana ikikauka humo ndani nywele hutanuka na ncha inagawanyika. Usiisimamishe ndani ya kikombe cha maji. Ukimaliza, osha kwa maji baridi na sabuni ya mche, zungusha kiganjani hadi povu litoke jeupe, ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke, ndipo urudishe kifuniko chake. Ikiwa mpya huja imegandishwa kwa gamu. Iloweshe gamu iyeyuke kwanza kabla ya kuijaribu. Jaribio lenyewe ni rahisi: maji, mtikiso mmoja wa mkono, na ncha ijitokeze yenyewe.

Jihadhari pia na ile inayoitwa Series 7 Miniature. Jina linavutia, ila nywele zake zimefupishwa, tumbo limepungua, na tatizo la kukauka linarudi palepale. Raphael 8404 ya Ufaransa ni mshindani wa kweli, na Rosemary & Co ya Uingereza hutengeneza za kolinsky kwa bei nafuu zaidi; namba za kampuni hizi hazilingani, kwa hiyo soma vipimo vya milimita. Mwaka 2013 brashi za kolinsky zilikwama kuingia Marekani kwa sababu ya vibali vya biashara ya wanyamapori, hivyo ukiagiza kupitia huko uliza mapema.

Asiyetaka nywele za mnyama, kwa dini au kwa dhamiri, anunue ya sintetiki nzuri yenye tumbo, namba 1 au 2. Ncha yake itajikunja baada ya muda, ndiyo tabia ya plastiki, basi awe na ya akiba. Kwa wengine wote, msinunue seti. Nunueni hii moja, na pesa ambazo mngeongezea namba 0 na namba 2 zinunue chupa ya Burnt Umber na ya bluu ya giza.