Waifai ya bure ya hoteli niliyolala Dodoma, na namba yangu ya NIDA isiyojulikana iko kwa nani

Usiku wa kwanza nilikwisha kuipa hoteli hii nyota nne moyoni. Chumba kilikuwa safi, maji ya moto yalitoka bila kusubiri, na supu ya mbuzi ya asubuhi ilitosha kumrudisha mtu Dodoma hata kama hana semina. Hayo sitayaeleza zaidi, kwa maana kilichonifanya niandike ni waifai yao, na hasa jibu nililopewa nilipoiulizia.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Katika kompyuta yangu nilikuwa na orodha ya wanachama wetu, yenye majina, namba za simu na deni la kila mmoja, ambayo nilitakiwa kuituma kwa katibu kabla ya kikao cha kesho yake. Nilipofungua simu niliona mitandao miwili yenye jina lile lile la hoteli: mmoja ulikuwa na alama ya kufuli na ulidai nywila iliyobandikwa ukutani mapokezi, na mwingine ulikuwa wazi, tena wenye nguvu zaidi. Nilijiunga na ule ulio wazi, nikidhani umewekwa kwa ajili ya wageni wa ghorofa ya juu. Ukatokea ukurasa uliotaka jina kamili, namba ya simu na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kisha ukafuata mwingine uliotaka anwani ya barua pepe pamoja na nywila yake. Nilikuwa nimekwisha kutuma ule wa kwanza, tarakimu zote 20, ndipo nikashtuka. Hoteli inataka nywila ya barua pepe yangu ya nini? Nilipotazama juu ya ukurasa sikuona alama ya kufuli, maana yake namba yangu ilikuwa imepita hewani bila kufichwa.

Nilishuka mapokezi. Kijana anayesimamia kompyuta, mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alikuwa ameketi nyuma ya kaunta. Hakunipa shikamoo wala hakuinua macho kwenye simu yake. Nilimsalimu mimi, nikamuuliza kwa utaratibu ni mtandao upi ulio wao, na ni nani anayepokea namba zetu za NIDA. Akanijibu mbele ya wageni wengine watatu: "Mama, yote sawa tu, chagua wenye nguvu. Nani atahangaika na vitu vyako? Kama unaogopa, nunua bando."

Jibu hilo limenikaa rohoni hadi leo. Nani atahangaika? Mwaka 2010 ilitolewa programu ndogo iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu asiye fundi, akiwa amekaa mgahawani penye waifai ya wazi, kuingia katika akaunti za Facebook za watu wa meza za jirani bila kujua nywila zao. Baada ya hapo tovuti nyingi zilihamia kwenye mawasiliano yaliyofichwa, yale yenye alama ya kufuli, na hali imekuwa bora sana. Lakini kufuli hilo haliwezi kukulinda pale unapomkabidhi mwenye mtego namba yako kwa mkono wako mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuwasha ruta chumbani kwake, akaupa mtandao wake jina la hoteli, akasubiri. Hata ule wao wenye nywila una udhaifu wake, kwa sababu katika mfumo wa kulinda waifai uitwao WPA2, uliopo tangu mwaka 2004, mgeni mwenzako anayeijua nywila ya ukutani, akinasa mawasiliano simu yako inapojiunga, anaweza kusoma kila ambacho tovuti yenyewe haikukificha. Mfumo ulioufuata, WPA3 wa mwaka 2018, ulirekebisha kasoro hiyo. Na kama ukurasa ule ulikuwa wao kweli, basi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa kusudi gani. Mimi niliuliza kusudi, nikaambiwa ninaogopa.

Nakiri kwamba baadaye hasira ilipoa. Dada wa zamu ya usiku alinifuata hadi mlangoni, akanipa pole, akasema hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mitandao miwili, na akaahidi kumweleza meneja. Nilinunua bando, nikaunganisha kompyuta na simu yangu kwa nywila ndefu niliyoitunga mwenyewe, nikatuma orodha. Niliiamuru simu isahau mitandao yote miwili, nikabadilisha nywila ya barua pepe ingawa sikuwa nimeiandika popote, kisha nikalala nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu. Pengine kijana yule alikuwa amechoka.

Asubuhi, wakati wa chai, meza ya pili kutoka kwangu mzee mmoja alikuwa akimsomea mjukuu wake namba kutoka kwenye kitambulisho, tarakimu moja moja, na binti anaziingiza katika ukurasa ule ule. Niliacha chapati, nikamwamkia mzee, nikamsihi asiendelee. Kijana wa kompyuta alikuwa akipita. Aliniona, akasema, "Mama, bado tu?" kisha akaenda zake.

Basi nyota tatu zimefutika. Nimebakiza moja, na hiyo ni ya yule dada. Inawezekana kabisa kwamba mtandao ule ulio wazi haukuwa wao, lakini kama ndivyo, kuna mtu aliyekuwa akivuna vitambulisho vya wageni ndani ya jengo lao, nao waliambiwa usiku na asubuhi wakauacha uendelee. Nywila ya barua pepe niliibadilisha kwa dakika mbili. Namba ya NIDA nitakwenda nayo kaburini, na wiki kadhaa zimepita bila meneja kujibu barua niliyomwandikia kumuuliza iko kwa nani.