Programu ya Kutoa Dau Sekunde za Mwisho

Kwa mnunuzi wa eBay, soko la mtandaoni ambako mnada hufungwa saa ileile iliyotangazwa hata kama madau bado yanamiminika, programu hii ni msaada wa kweli. Niliipa namba ya mnada wa lenzi kuukuu ya Nikon na kikomo cha dola 85, nikalala; ilipeleka dau zikiwa zimesalia sekunde 6, na lenzi ikawa yangu kwa dola 61, kwa kuwa mshindi hulipa nyongeza ndogo tu juu ya dau la mpinzani wake. Aliyeweka kikomo kikubwa zaidi, hata hivyo, hashindiki. Kinachonisumbua sana ni kwamba inadai nywila ya akaunti yangu, nami nimelazimika kuibadilisha kila baada ya mnada.