Saa ya Kuhesabu Hatua kwa Mwenye Mgongo Mbovu: Nimeivaa Wiki Sita

Jamani karibuni tena. Leo narekodi nikiwa kwenye mkeka, mgongo umekataa kiti, kwa hiyo kamera ikiinama mnivumilie.

Mzigo wenyewe huu hapa. Saa ya kuhesabu hatua, nimeichukua Kariakoo elfu hamsini na tano. Jina la kampuni nalihifadhi, maana nitakayosema yanazihusu nyingi za aina hii. Wanaonifuata wanajua mgongo unanisumbua mwaka wa saba sasa. Daktari wa mazoezi aliniuliza kwa siku natembea kiasi gani, nikamjibu "kawaida tu". Akacheka. Ndipo nikaitafuta hii.

Ndani mna kihisi kidogo, akselerometa, kinachopima mtikisiko. Miguu yako hakiioni, kinachosikia ni mkono unavyokwenda. Sasa sikilizeni. Juzi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi mbili za wali, nikaandikiwa hatua mia tatu na ushee! Sijanyanyuka hata kidogo. Kesho yake mguu wa kushoto una ganzi, nikaenda dukani na mkongojo, mdogo mdogo. Nikahesabu mwenyewe kwa mdomo: hatua 200. Saa ikasema 117. Mkono ulioshika mkongojo hauyumbi, na mwendo wa pole mtikisiko wake ni hafifu. Yaani siku niliyojikaza kuliko zote ndiyo naonekana mvivu.

Nikaihamishia kwenye kifundo cha mguu, ndani ya soksi. Zile 200 zikasomeka 192. Hapo tunaelewana. Watafiti nao mara nyingi hufunga vipimo vyao kiunoni au pajani, na cha pajani kinaweza hata kujua kama umekaa au umesimama.

Sasa hili la elfu kumi. Saa imekuja na lengo la hatua 10,000, na mtu anadhani limetoka hospitali. Wapi! Lilienea kutoka Japani mwaka 1965, kilipoanza kuuzwa kipima hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2019, wa wanawake wenye wastani wa miaka 72, uliona waliofikisha kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na faida ikaacha kupanda karibu na 7,500.

Mimi wiki ya kwanza nikaifukuza elfu kumi. Jumamosi usiku nina 9,800, nikazunguka meza ya sebuleni mpaka saa ikashangilia. Jumapili na Jumatatu, kitandani. Ukipiga wastani wa siku zile tatu unapata mtu anayetembea kiasi kila siku, na mtu huyo hayupo.

Kwa hiyo jumla ya siku siitazami tena. Natazama grafu ya saa kwa saa kwenye simu, na hapo ndipo pesa yangu ilipo. Niliona nguzo ndefu saa tatu mpaka saa tano asubuhi, kisha jangwa. Asubuhi nina nafuu, basi nafua, napiga deki, nakimbilia sokoni, vyote kwa mkupuo. Nimeshusha lengo hadi 3,500 na nafua nusu ya beseni kisha nakaa. Tangu wiki ya tatu sijalala siku nzima kwa ajili ya mgongo.

Ubaya wake? Haina pa kuandika maumivu, nina daftari, kila jioni naandika namba 0 hadi 10 pembeni ya hatua. Mkanda unawasha ukitoka jasho. Usingizi ndio kichekesho: nikikesha nimetulia naogopa kugeuka, inasema nimelala fofofo.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji afungue programu mbele yako. Lengo linabadilika? Grafu ya kila saa ipo? Kama hakuna, mrudishie, hata akipunguza bei.

Eh, mmesikia? Imenitetemekea mguuni. Nimekaa sana, inataka nisimame. Haya, nisaidieni kunyanyuka.