Hadithi za bure za African Storybook: uzoefu wangu na darasa la pili na la tatu

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa: African Storybook ni nzuri, ni ya bure, na itakutoa jasho. Nafundisha kusoma katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro, na kwa miaka kadhaa sasa hadithi nyingi tunazosoma nje ya kitabu cha kiada nazichukua huko. Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza kila mara natoa wapi vile vijitabu, kwa hiyo naandika kwa kirefu mara moja.

Kwa asiyeijua, ni maktaba ya mtandaoni ya hadithi fupi za picha, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Ilianza kujaribiwa katika shule na maktaba za Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ndiyo maana watu waliomo ndani ni wa kwetu: bibi ana shamba la mahindi, mtoto anatumwa maji, mbuzi wanakula wasichopaswa kula. Kiswahili kina hadithi tele. Leseni ni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kupakua, kuchapisha, kutafsiri, hata kuirekebisha hadithi iendane na darasa lako, mradi umtaje aliyeiandika na aliyeichora. Baadhi zinakataza kuuzwa, basi. Kwa mwalimu ambaye shule yake ina vitabu vya ziada vichache vilivyofungiwa kabatini kwa ofisi ya taaluma visije vikachanika, ruhusa hiyo ni jambo kubwa.

Hadithi zimepangwa kwa viwango, cha 1 hadi cha 5. Cha kwanza kina maneno machache tu kwa ukurasa, cha pili sentensi, cha tatu aya fupi, na cha tano ni hadithi ndefu ambazo mwalimu ndiye anayepaswa kuwasomea watoto kwa sauti. Mpango mzuri, ila tusiufuate kama sheria. Kiwango kinapimwa kwa idadi ya maneno, na neno letu moja la Kiswahili mara nyingi limebeba mtenda, wakati na mtendwa. Mtoto anayesoma kwa silabi akikutana na "hawakumsikiliza" ana mlima wa kupanda, hata kama hesabu inasema hilo ni neno moja. Kwa hiyo mimi nashuka kiwango kimoja. Darasa la tatu nawapa cha pili wasome wenyewe, kile cha tatu na cha nne nawasomea mimi. Mtoto akimaliza kijitabu chote bila kukwama atakuja kudai kingine. Akikwama ukurasa wa pili, utamkuta anakitumia kama upepeo.

Sasa hadithi zenyewe. Sitaki kuorodhesha zote; nitataja zile ambazo watoto wamezichagua kwa kuzirudia, kwa sababu mtoto hana unafiki kwenye jambo hili.

Nikiambiwa nibaki na moja tu, nabaki na "Kuku na Jongoo" ya Winny Asara. Kuku na Jongoo ni marafiki, lakini wa kushindana kila siku. Wanakwenda kucheza mpira, Kuku anakaa golini, Jongoo anafunga mabao matano. Jongoo anacheka, Kuku anapandwa na hasira, anafungua mdomo na kummeza mwenzake mzima mzima. Hapo darasa langu hulipuka. Wapo wanaocheka, wapo wanaosema "si haki!", na hakosi bingwa mmoja wa kuuliza refa alikuwa wapi. Halafu Kuku anakutana njiani na mama Jongoo anayemtafuta mwanawe, na kisauti cha kuomba msaada kinatoka tumboni. Mama anamwambia mwanawe atumie uwezo wake maalumu. Jongoo anatoa ile harufu yake. Kuku anabeua, anapiga chafya, anakohoa mpaka anamtoa.

Watoto wa huku wanamjua jongoo. Masika wanajaa hadi mlangoni mwa darasa, na kila aliyewahi kumshika anajua mkono unavyonuka baadaye. Mwandishi hakuhitaji kueleza chochote. Nikisoma naomba nusu ya darasa wawe kuku anayekohoa na nusu wawe mama Jongoo, na mwalimu wa chumba cha pili ameshazoea. Nikimaliza siulizi "hadithi hii inatufundisha nini?" Nafunga kijitabu na kusubiri, na maswali wanaleta wenyewe: je, kuku wa nyumbani kwao naye anaweza kummeza jongoo? Mmoja alikwenda kujaribu. Kuku alikataa.

Kwa wanaoanza kabisa naipenda hadithi ya Khalai ya Ursula Nafula. Khalai ana miaka saba na anazungumza na mimea. Anauomba mchungwa ukue na kuzaa machungwa mengi, anaziomba nyasi za njiani zisikauke, maua ya porini yaendelee kuchanua, mti wa shuleni utoe matawi makubwa wanafunzi wapate kusoma kivulini. Jioni anarudi kwa mchungwa kuuliza kama machungwa yameiva. Bado ni mabichi. Hakuna linalotokea zaidi ya hapo, na ndiyo nguvu yake: maombi yanafanana umbo, kwa hiyo mtoto aliyesoma la kwanza kwa shida, la tatu analitabiri, la nne analisoma akiwa amenyoosha shingo. Wale tunaofundisha stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunajua thamani ya sentensi inayojirudia bila kuchosha. Kwenye vitabu vingi vya kujifunzia marudio yale ni makavu: baba analima, mama anapika, Juma anacheza. Khalai naye anarudia, ila ana sababu ya kurudia.

"Magozwe" ya Lesley Koyi ni ya wakubwa kidogo, na naisoma mimi. Ni ya wavulana wasio na makazi jijini Nairobi, wanaolala barabarani na kuota moto wa takataka asubuhi. Magozwe ndiye mdogo wao. Anakutana na mtu mmoja, Thomas, anayempa chakula, anamsimulia hadithi, kisha anaanza kumfundisha kusoma. Mwishoni kijana ameketi uani kwenye nyumba yenye paa la kijani, anasoma kitabu cha shule. Thomas anamuuliza kinahusu nini. Kinahusu mvulana anayekuja kuwa mwalimu. Anaitwa nani huyo mvulana? Anaitwa Magozwe.

Nimeisoma mara nyingi na bado ukurasa ule unanipa kazi ya kumeza mate kabla ya kuendelea. Labda ni kwa sababu ya kazi yangu.

"Simbegwire" ya Rukia Nantale naishughulikia kwa uangalifu. Mama wa binti anafariki, baba baada ya muda anamleta nyumbani Anita, na mambo yanaharibika mpaka binti anakimbilia kwa shangazi. Darasani kwangu wamo watoto wanaolelewa na mama wa kambo, na wapo wa bibi. Hadithi zetu za jadi zimewachafua mama wa kambo kiasi kwamba mtoto anaweza kurudi nyumbani akimtazama mlezi wake kwa jicho baya bila kosa. Hii imefanya tofauti: Anita anakuja kuomba radhi, anaomba apewe nafasi ya kujaribu tena, na anapewa. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alinijia shuleni kuulizia "kile kitabu cha Anita", alitaka nakala yake mwenyewe. Sikumhoji. Nilimtolea.

Wapo watoto wasiotaka wanyama wanaoongea. Hao nawapa "Mbegu ndogo", habari za Wangari Maathai wa Kenya, kuanzia utoto wake shambani na mama yake hadi Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kwa wasichana wanaofukuzwa uwanjani kuna Andiswa, anayetazama wavulana wakicheza soka hadi siku anapoingizwa. Hii ya pili ni nyepesi sana kama fasihi, mwisho unaujua tangu jalada, lakini wasichana wangu hawajali maoni yangu.

Mambo ya karatasi sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Ipo programu ya simu ambayo ukishashusha hadithi unaisoma bila bando, na kwa mzazi mwenye simu janja nyumbani inatosha kabisa. Shuleni ni habari nyingine: wanafunzi hawaruhusiwi simu, na hadithi inayoonekana kwenye kioo cha simu ya mwalimu mbele ya watoto zaidi ya sitini haijaonekana. Njia yangu ni kushusha faili la PDF lililopangwa kama kijitabu, kulipeleka steshenari kwa flashi, kuchapisha nakala moja safi, kisha kutoa kopi pande zote mbili, kukunja katikati na kubana kwa stepla. Mwambie kijana wa steshenari ageuze karatasi kwa upande mfupi, vinginevyo ukurasa wa pili utatoka umesimama kichwa chini na hela imekwenda. Jalada nalifanya kwa manila. Gharama si kubwa kwa nakala moja, lakini ukizidisha kwa darasa zima inauma, kwa hiyo nachapisha hadithi nyingi tofauti, nakala mbili mbili au tatu tatu, watoto wabadilishane, badala ya hadithi moja kwa kila mtu.

Kopi ni nyeusi na nyeupe, na picha za African Storybook zimechorwa kwa rangi nzuri, basi kuna kinachopotea. Nilishangaa watoto walivyolitatua wenyewe: walileta penseli za rangi. Kuku wetu kwa sasa ni wa zambarau, na aliyempaka amekisoma kijitabu kile pengine kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki.

Vijitabu vinakwenda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumatatu. Vingine havirudi, au vinarudi na alama ya sufuria. Mwalimu mkuu wetu hapo mwanzo alitaka kila kitu kiandikwe kwenye daftari na anayepoteza alipe. Nikamwomba tuache, kwa sababu mtoto anayeogopa kulipa hatakifungua kitabu, atakificha chini ya godoro hadi Jumatatu. Kijitabu cha karatasi nne kikipotea nyumbani kwa watu, aghalabu kuna mdogo wake anayekiangalia.

Kasoro zipo. Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika na kutafsiri, Kiswahili chake hakina kiwango kimoja. Kuna hadithi zinazotiririka, na kuna nyingine ambazo upatanisho wa ngeli umelegea au sentensi imekaa kigeni. Zilizopitiwa na wahariri wa mradi zina alama yake, anza na hizo, na bado soma yote kabla hujaipeleka darasani. Nikikuta kosa nalirekebisha kwenye nakala yangu, leseni inaruhusu. Menyu zilinijia kwa Kiingereza, jambo ambalo halikunisumbua mimi ila lilimsumbua mzazi niliyemwelekeza. Na hadithi zote ni fupi. Msomaji mzuri wa darasa la nne anazimaliza na kuanza kukutazama kwa njaa ya kingine. Huyo mpe Hekaya za Abunuwasi, mpeleke maktaba ya mkoa, mtafutie vitabu vya wachapishaji wetu na vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991. African Storybook haikuja kuchukua nafasi ya kitabu chenye uti wa mgongo.

Lililonifurahisha kuliko yote sikulitegemea. Tovuti inakuwezesha kutunga hadithi yako kwa kutumia picha zilizomo. Darasa la tatu lilipogundua hilo likataka hadithi yake, ya nyani wanaovamia mahindi, jambo ambalo watoto wa huku wanaishi nalo. Mimi niliandika ubaoni, wao wakasema. Walibishana karibu kipindi kizima kuhusu mwisho: wengine nyani afukuzwe, wengine apewe shamba lake, na mmoja akasisitiza nyani aandikishwe shule ili aache tabia. Mwisho uliopita ni huo wa tatu. Tulikichapisha, na jina la kila mtoto liko nyuma ya jalada. Hakuna kijitabu kinachogombewa zaidi yake siku ya Ijumaa.

Nyota nne kati ya tano. Ukitaka kuanza wiki hii, chapisha "Kuku na Jongoo" na ile ya Khalai, nakala tatu kila moja, uwasomee kwanza wewe kwa sauti, wakiitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, ndipo uwaachie mkononi. "Magozwe" isubiri mpaka wakuzoee.