Miezi saba hadi kwa bingwa wa baridi yabisi: tathmini ya huduma ya rufaa

Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya yeyote ambaye viungo vyake vimeanza kuvimba na kukakamaa bila sababu inayoeleweka, na ambaye bado anazunguka kutoka dirisha moja la hospitali hadi jingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mmoja wa mkoani hapa Tanzania, nina umri wa miaka 38, na natumia bima ya watumishi wa umma, ile ambayo mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Ilinichukua miezi saba kupata jina la ugonjwa wangu. Vituo nilivyopitia sitavitaja, kwa kuwa ninachokipima ni njia yenyewe ya rufaa, hasa ile karatasi anayokabidhiwa mgonjwa anapoambiwa aende mbele.

Ugonjwa ulianza mwezi wa tano, kwenye vifundo vya vidole vya mikono yote miwili. Kila nilipoamka vidole vilikuwa vizito na vimekaza. Sikuweza kuvuta komeo la mlango, wala kukamua nguo, na katika kipindi cha kwanza chaki ilikuwa ikiniponyoka mbele ya watoto. Ilipofika saa nne hivi za asubuhi vilikuwa vimelegea, na hiyo ndiyo saa niliyokuwa nikipata ruhusa ya kwenda kutibiwa, kwa hiyo kila tabibu aliyeniona aliiona mikono ambayo imekwisha kutulia. Mwezi wa saba pete yangu ya ndoa iligoma kutoka kabisa, ikabidi nimpelekee sonara aikate.

Kwenye zahanati nilipimwa malaria, ikawa hakuna, kisha nikapimwa homa ya matumbo kwa kile kipimo cha Widal, nikaambiwa ninayo, nikapewa dawa za siku kumi. Kipimo hicho kinaweza kusoma kinga iliyobaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani, na mimi sikuwa na homa wala tumbo halikuniuma. Kituo cha afya walinipima asidi ya mkojo katika damu, ikaonekana imepanda kidogo, wakasema ni jongo, na kuanzia siku hiyo nikaacha nyama na maharage. Jongo kwa kawaida huanza ghafla kwenye kiungo kimoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake si ugonjwa wa kawaida. Mimi nilikuwa nimevimba mikono yote miwili, kulia na kushoto kwa ulinganifu. Nilichomwa sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, hadi tumbo likaanza kuwaka moto. Katika duka moja la dawa nilichomwa pia sindano nyingine ambayo sikuambiwa jina lake. Uvimbe ulitoweka kwa wiki moja na nusu, nikafurahi, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi. Baadaye swali la jina la sindano ile liliulizwa na daktari bingwa, na sikuwa na la kujibu.

Hospitali ya ngazi ya mkoa nilihudumiwa kwa heshima, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Wauguzi walikuwa wapole, foleni ilisogea, na vipimo vilifanyika siku hiyohiyo. Picha ya eksirei ya mikono ilitoka safi. Kipimo cha damu kinachojulikana kwa kifupi kama RF, ambacho hutafuta kingamwili inayoambatana na baridi yabisi, kilitoka hasi. Kipimo cha ESR, ambacho huonyesha kama kuna uvimbe unaoendelea mwilini, kilisoma 62, yaani juu mno kwa mwanamke wa umri wangu. Daktari kijana aliyekuwa zamu alizitazama karatasi zote tatu, akasema kwa kuwa picha ni safi na RF ni hasi, basi si baridi yabisi, huenda ni uchovu wa kazi. Namba 62 haikuzungumzwa na mtu yeyote. Niliporudi mara ya tatu nikilia kwa maumivu ndipo alipokubali kuniandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

Karatasi ile ninayo hadi leo, kwa sababu niliitoa nakala. Katika nafasi ya historia ya mgonjwa yameandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: maumivu ya viungo, uchunguzi zaidi. Basi. Hakuna kwamba yalianza mwezi wa tano, hakuna kwamba ni mikono yote miwili, hakuna neno juu ya kukakamaa kwa asubuhi, hakuna ESR wala dawa nilizokwisha kutumia. Na kwa kuwa iliandikwa viungo, mtu fulani aliigongea mhuri wa kliniki ya mifupa.

Nilipanda basi la alfajiri, nikafika Dar es Salaam, nikakaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa hadi saa nane mchana pamoja na watu wenye magongo na plasta za mguu. Daktari wa mifupa alinishika mikono kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema, “Mama, hapa hakuna kazi ya kisu. Unatakiwa umwone bingwa wa magonjwa ya ndani anayeshughulikia baridi yabisi.” Aliandika kwa mkono wake barua mpya ya kunihamishia huko, na ninamshukuru, lakini kliniki ile ilikuwa na siku yake maalumu katika wiki na siku hiyo ilikuwa imepita jana yake. Nikarudi nyumbani, nikaomba ruhusa ya pili kwa mwalimu mkuu, nikalipa nauli ya pili. Mtu asiye na ndugu wa kumlaza mjini, au ambaye akikosa kazi siku moja hapati posho ya siku hiyo, angeishia pale.

Ushauri wenyewe wa bingwa naupa alama zote, maana ndiyo sehemu pekee ya safari hii ambapo nilisikilizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla hajagusa karatasi yoyote aliniuliza, “Ukiamka asubuhi, inakuchukua muda gani mpaka mikono ilegee?” Nilimjibu kwamba ni muda wa saa mbili au zaidi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa miezi saba. Alinieleza kwamba maumivu ya kuchakaa kwa viungo huzidi mtu anapofanya kazi na hupungua akipumzika, ilhali uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili kujigeuzia mwenyewe humkaza mtu baada ya kulala na hulegea anapojishughulisha. Kisha akaukusanya mkono wangu wa kulia ndani ya kiganja chake, kama mtu anayesalimia, akavibana vifundo vya vidole vyote vinne kwa pamoja kutoka pembeni, taratibu tu. Nilipiga kelele. Akaubana na wa kushoto, kisha nyayo, halafu akapita kiungo kimoja baada ya kingine, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole, magoti, huku muuguzi akiweka alama kwenye mchoro wa mwili: vinavyouma 11, vilivyovimba 7.

Hapo ndipo aliponionyesha jambo lililonifanya niandike haya yote. Kuna vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vinavyotumiwa kuainisha baridi yabisi, na hesabu yake ni ya pointi kumi. Anayefikisha sita anahesabiwa kuwa na ugonjwa huo, endapo hakuna maelezo mengine yaliyo bora zaidi. Viungo zaidi ya kumi, vikiwamo vile vidogo, ni pointi 5. ESR iliyopanda, au CRP, kipimo kingine cha uvimbe mwilini, ni pointi 1. Dalili zilizodumu wiki sita au zaidi ni pointi 1 nyingine. Jumla ni 7, bila kuhesabu kipimo chochote cha kingamwili. Kila kimoja cha vitu hivyo kilikuwapo mkoani, kwenye mikono yangu na kwenye faili langu. Alinieleza pia kwamba RF huwa hasi kwa takriban wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100 wenye baridi yabisi, na huweza kuwa chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini au uzee tu, wala picha ya eksirei haitegemewi kuonyesha kitu katika miezi ya mwanzo. Ikianza kuonyesha, mfupa umekwisha kuliwa.

Aliagiza hata hivyo kipimo cha pili cha kingamwili, kile cha anti-CCP, ambacho kikitoka chanya huwa ni ushahidi mzito zaidi kuliko RF. Hakikuwa kikifanyika pale siku hiyo, kwa hiyo damu ilipelekwa maabara binafsi nami nikalipa kutoka mfukoni. Kilirudi kikiwa juu sana. Kabla ya dawa nilipimwa ini, figo, wingi wa damu, homa ya ini B na C, virusi vya UKIMWI, na kupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, kwa kuwa dawa hizi hupunguza kinga. Aliniuliza pia waziwazi kama nina mpango wa kupata mtoto, kwani methotreksati, dawa kuu aliyotaka kunianzishia, hudhuru mimba, na akanielekeza kwenye uzazi wa mpango kabla ya kuniandikia.

Sasa nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri kuhusu dawa. Methotreksati ya baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki. Daktari aliandika vidonge vinne vya miligramu 2.5, siku ya Jumatano pekee, na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake, siku ya Ijumaa, pamoja na prednisoloni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupunguzwa polepole wakati dawa kuu ikisubiriwa kufanya kazi, jambo linaloweza kuchukua wiki 6 hadi 12. Famasi niliyonunulia walibandika lebo inayosema 1x1, yaani kidonge kimoja kila siku. Ningefuata lebo ile, ningeweza kuharibu uboho na kupoteza maisha. Niliokolewa na jinsi daktari alivyonikaririsha maelekezo: alinitaka niyatamke mimi mwenyewe, mara mbili, kabla sijatoka chumbani. Nilirudisha boksi dirishani, wakabadilisha lebo bila ubishi, na neno JUMATANO nikaliandika juu yake kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari.

Kwa mtu anayeanza safari hii, nasihi yangu ni kwamba piga picha mikono yako kwa simu alfajiri, kabla haijatulia, na uonyeshe picha hizo. Andika tarehe uvimbe ulipoanza. Usiondoke mahali popote bila nakala ya majibu. Na usikubali sindano isiyo na jina. Zaidi ya yote, isome karatasi ya rufaa ukiwa bado mbele ya aliyeiandika, na ikiwa ni maneno manne, mwombe kwa adabu aongeze mengine. Mgonjwa hapaswi kufanya kazi hiyo, lakini miezi ya mwanzo ya ugonjwa huu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote kwa viungo vyake.

Leo ni wiki ya kumi na nne ya dawa. Nashika chaki kuanzia kipindi cha kwanza. Damu yangu hupimwa mkoani, kwa sababu bingwa aliniandikia barua ya kurudi nayo yenye kurasa mbili: tarehe ya mwanzo, mchoro wenye alama zile 11 na 7, vipimo vyote, dozi, siku ya dawa, na kiwango cha vimeng'enya vya ini ambacho kikivukwa dawa isimamishwe na yeye apigiwe simu. Nilimkabidhi yule daktari kijana. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaenda kuitoa nakala, nyingine akaibandika ukutani juu ya meza yake.