Kliniki ya sukari ya Ngamiani, hapa unaelezwa mpaka unaelewa

Watu wa Tanga, kama nyumbani mna mgonjwa wa sukari mpelekeni ile kliniki ndogo ya Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, mimi nilimpeleka shangazi na nimetoka pale nimeridhika kweli. Kwingine tumezoea kutobolewa kidole, kuandikiwa vidonge vya sukari vya metfomini, haya mwingine aingie.

Shangazi akauliza, daktari mbona mnasema insulini ninayo na sukari haishuki? Daktari akachukua bahasha ya dawa akachora seli ya msuli. Akasema mama, insulini, ile homoni ya kuifungulia sukari iingie kwenye seli, inafika mlangoni inapiga hodi vizuri tu, ila hodi haifiki ndani, kwa sababu mafuta yakijazana kwenye seli za misuli na ini yanavuruga zile protini zinazopokezana ujumbe, basi vile vibebeo vya glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, vinavyoitwa GLUT4 havipandi juu kwenye ukuta wa seli, sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Ini nalo halisikii, linamwaga sukari usiku kucha, ndo maana unaamka hujala kitu na kipimo kiko juu, na metfomini kazi yake kubwa iko hapohapo kwenye ini. Kongosho, ndilo linalotengeneza insulini, linazidisha kuitoa miaka na miaka mpaka linachoka.

Akamgeuza shangazi akamuonyesha ule weusi wa shingoni, ule ambao watu wanausugua na dodoki wakidhani uchafu, kumbe insulini ikizidi inachochea ngozi kukua. Nani aliwahi kutwambia hilo?

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki, msuli ukifanya kazi unapandisha GLUT4 wenyewe bila kusubiri insulini, kwa hiyo hakumkataza wali wa nazi, kamwambia apunguze sahani na akimaliza kula atembee, na sie wenye baiskeli tuziendeshe. Dawa asiache.

Kasoro zipo, benchi la kusubiria liko juani na wazee wanateseka, na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (asilimia 6.5 kwenda juu ni sukari tayari, 5.7 mpaka 6.4 unaielekea) wanapeleka damu maabara ya nje, majibu yanachelewa na bei imesimama kidogo. Waweke hata turubai jamani.

Wahini asubuhi, bebeni dawa zote anazotumia mgonjwa, na kama anachoma insulini msimkalishe na njaa, ulizeni kwanza.