Tathmini: baiskeli ya milima ya chuma ya miaka ya 1990, baada ya kufufuliwa kwa bajeti ndogo

Baiskeli ninayoitathmini ni ya milima, ya chuma, isiyo na shokapu mbele wala nyuma, yenye magurudumu ya inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, na breki za kubana rimu za mtindo wa zamani, zile ambazo waya mfupi huunganisha mikono miwili juu ya tairi. Ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nilipoipata ilikuwa imeegemezwa ukutani ikinyeshewa na kuchomwa na jua kwa miaka mingi. Tairi zilikuwa zimepasukapasuka ubavuni, mnyororo ulikuwa umeshikana kwa kutu hata ukasimama wenyewe kama fimbo, na kiti kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Nimeiendesha karibu kila siku kwa miezi minane tangu nilipoimaliza, nami naipa alama nane kati ya kumi.

Fremu ndiyo iliyonishawishi. Kutu yake ilikuwa ya juujuu, ya kahawia hafifu, na nilipoipitishia brashi ya waya chuma kilionekana kizima chini yake. Anayekusudia kununua baiskeli ya namna hii aache rangi kwanza, aitazame kwa makini mishono ya kuchomelea, hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani, kisha aipindue na kuchunguza bomba la kranki, lile fupi la chini ambamo ekseli ya mikono ya pedali huzungukia, kwa kuwa maji yanayoingia kupitia nguzo ya kiti huteremka na kutuama humo. Kutu inayobanduka kwa magamba, au sehemu inayobonyea ukiisukuma kwa ncha ya bisibisi, ni sababu tosha ya kuondoka. Vivyo hivyo foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyopinda kwa kurudi nyuma, dalili ya baiskeli iliyowahi kugonga kitu uso kwa uso.

Nguzo ya kiti ilinichukua siku nne. Nguzo hizo kwa kawaida ni za aluminiamu, na aluminiamu ikikaa ndani ya bomba la chuma bila grisi huku unyevu ukiingia, metali hizo mbili huliana na unga mweupe unaotokea huzikaza kama saruji. Nililegeza kibano chake, nikaipindua baiskeli, nikadondoshea mafuta ya kupenya kutoka upande wa chini kila asubuhi na jioni. Siku ya nne nilikibana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa, nikashika fremu nzima kwa mikono miwili na kuizungusha kama usukani wa gari. Haikutikisika. Nikarudia, safari hii kwa kusukuma mbele na nyuma badala ya kulazimisha upande mmoja, ndipo ikatoa mlio mkavu wa kukatika na kuanza kugeuka nywele kwa nywele. Kichwa cha nguzo kiliharibika kwa meno ya jiliwa, na sikujutia, kwa sababu nguzo hununuliwa lakini fremu hiyo nisingepata nyingine. Ningeshindwa hapo, ningeacha kila kitu, na ndiyo maana nashauri nguzo ya kiti na shina la usukani vilegezwe kabla ya kununua hata tyubu moja.

Sehemu iliyonipa furaha kubwa zaidi ni habu, yaani vitovu vya magurudumu. Habu za wakati ule ni za vikombe na koni (vipande vya ekseli vinavyozibana gololi ndani ya vikombe), zenye gololi zilizo huru, na fundi yeyote mwenye spana nyembamba za koni anaweza kuzifungua na kuzirudisha. Ndani nilikuta grisi iliyogeuka kahawia na ngumu kama nta. Chini yake, baada ya kuosha, koni ziling'aa, zikiwa na mstari mmoja laini pale gololi zilipopita, bila vishimo. Nilinunua gololi mpya tu: tisa za robo inchi kwa kila upande wa habu ya nyuma, na kumi ndogo zaidi, za inchi 3/16, kwa kila upande wa habu ya mbele. Kinachohitaji subira ni kurekebisha koni. Ukiikaza hadi isicheze kabisa gurudumu likiwa mkononi, itakuwa imebana mno utakapofunga kile kishikio cha kufungulia gurudumu haraka, kwa sababu kishikio hicho huminya ekseli kidogo. Inatakiwa ubakize mchezo mdogo unaohisiwa kwa vidole, nao upotee gurudumu likifungwa kwenye fremu. Nilijaribu mara sita. Mara ya saba gurudumu la mbele lilizunguka, likapunguza mwendo, likarudi nyuma kwa uzito wa nozeli, likabembea mpaka nozeli ikatulia chini kabisa.

Kwenye beringi za kranki nilikosea. Niliamua kuweka beringi zilizofungwa ndani ya kasha moja, nikapima urefu wa ekseli peke yake, na kumbe bomba la kranki huwa na upana wa milimita 68 au 73, na kasha halina budi kulingana nalo. Lile la kwanza likawa halifai. Aidha, hesi za upande wa kulia wa bomba hilo, katika fremu nyingi za aina hii, ni za kinyume, hivyo kikombe hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa saa. Pedali ya kushoto nayo ni vivyo hivyo. Nimeona bomba zilizoharibiwa moja kwa moja kwa kutojua jambo hilo.

Mnyororo sikuhangaika nao, niliutupa. Anayekuta mnyororo usio na kutu aupime kwa rula: vipande 24 vya mnyororo mpya, kutoka pini hadi pini, vina milimita 304.8. Ukizidi kwa milimita moja na nusu ubadilishwe, na ukizidi kwa tatu, huenda meno ya nyuma yamekwisha pamoja nao na mnyororo mpya utaruka juu yake. Gia saba za nyuma ni jambo jema kwa mwenye bajeti ndogo, kwa kuwa minyororo na seti zake za meno bado hutengenezwa na ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa.

Breki nilizihifadhi. Breki za mikono mirefu zilizoletwa na Shimano mwaka 1996 zina nguvu zaidi, lakini huvuta waya mwingi zaidi na hudai vishikio vyake, kwa hiyo gharama huongezeka maradufu. Raba mpya laini na waya mpya, pamoja na kukishusha kidogo kiunganishi kilicho juu ya tairi, vilitosha. Naomba msomaji azingatie jambo moja la usalama: maganda ya waya wa gia hayafai kabisa kwa breki. Nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu, na ukibana breki kwa nguvu ganda linaweza kupasuka wakati ule ule unaolihitaji. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba ni yale yale. Si kweli, na kauli hiyo inaweza kumvunja mtu shingo.

Tairi zilichukua karibu theluthi ya bajeti, na sikubania. Hapa namba huwadanganya wengi, kwani tairi ya 26 x 1.95 na ya 26 x 1 3/8 haziingiliani hata kidogo: ya kwanza hukaa kwenye rimu ya milimita 559, ya pili kwenye ya 590. Soma namba hiyo ya milimita ubavuni mwa tairi, usitegemee inchi.

Barabarani baiskeli hii ni tulivu, hupanda mlima kwa utii, na kwenye changarawe chuma chake hupunguza makali ya mitetemo kuliko nilivyotarajia. Alama moja nimeikata kwa sababu ya breki wakati wa mvua, kwani mzunguko wa kwanza wa gurudumu hupotea katika kufuta maji kwenye rimu kabla raba hazijashika. Ya pili ni kwa miteremko ya mawe, ambako bila shokapu viganja hufa ganzi baada ya dakika kumi; anayekusudia njia za namna hiyo kila wiki atafute baiskeli nyingine. Imebaki kazi moja: gia ya kati ya mbele ina meno mawili yaliyochongoka kama papa, na nikisimama kwenye pedali kupanda kilima, mnyororo hugutuka mara moja kila mzunguko. Gia mbadala nimeshaipata, ya meno 32, nami nitaifunga kabla ya msimu wa mvua.